Sindano Amenunua Chuma cha Bwana Nyuki

Habari ilifika kijiweni kabla ya gazeti, na aliyeileta ni Gazeti mwenyewe.

Gazeti ni Alois, aliyesomeshwa na mapadri wa Matombo, ambaye sasa ni karani wa mizigo hapa stesheni ya Morogoro. Tulimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kupata habari akalala nayo. Asubuhi ile alikuja mbio, kofia mkononi, hata salamu hakutoa.

"Imeuzwa! Baiskeli ya Bwana Nyuki imeuzwa!"

Mzee Stambuli, muuza kahawa wetu, ambaye wote tunamwita Mdila, aliacha kumimina. Mimi nilikuwa pembeni na kikaango changu cha vitumbua, nikasahau kugeuza.

Bwana Nyuki ni Mdachi wa shamba la mpira huko Ngerengere. Bei ya mpira imeanguka, naye anafunga masanduku arudi kwao. Jina alilipata kwa ile sauti anayopita nayo barabarani, maana baiskeli yake si kama za mapadri, zenye kengele na pa kufungia biblia. Ni ya mashindano. Miaka mitatu mfululizo, siku ya sikukuu ya Kaizari, aliizungusha kwenye uwanja wa boma akawaacha wenzake wakila vumbi.

"Kainunua nani?" Mdila aliuliza. "Natwarlal?"

Kijiwe chetu kiko chini ya upenu wa duka la Bwana Natwarlal, kwa hiyo jibu lilitoka ndani ya duka.

"Mimi? Nikae juu ya kisu kile? Mimi nauza vitambaa, Mzee, sinunui ajali!"

"Si Natwarlal," alisema Gazeti, akajivuta kama mtu anayetaka abembelezwe. "Nipeni kahawa kwanza."

"Sema, kahawa utakunywa!"

"Sindano."

Wote tuligeuka kutazama barazani. Cherehani ya Sindano ilikuwa imefunikwa shuka, na kiti chake kitupu.

Rehani ndiye aliyeanza kucheka. Rehani ni Mnyamwezi, fundi wa reli, mwili mkubwa hata tukamwita Behewa. Akicheka, gogo tunalokalia hucheka naye.

"Ahmadi Sindano? Yule ambaye upepo wa mlimani ukivuma anashika nguzo? Mluguru yule apande chuma kile?"

"Behewa, mwache mtani wako," Mdila alisema.

"Nimwache vipi? Mola kanipa mtani Mluguru, halafu Mluguru ananunua baiskeli isiyo na breki. Mzee, hii ni riziki yangu ya mwaka mzima."

Hapo hakuna aliyemlaumu. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana msibani, atakamata kuku wako mchana kweupe amchinje, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeshindwa, na watu wote watajua.

"Lakini mimi namwelewa," Gazeti alisema. "Miaka mitatu ndiye anayeshona suruali za Bwana Nyuki. Zinachanika mahali pamoja tu, pale pa kukalia. Kila kiraka alichoweka, alikiweka akiota."

"Mtu aote kiraka cha makalio ya Mdachi!"

"Aliota baiskeli, Behewa!"

"Baiskeli gani hiyo? Haina taa, haina kengele, haina pa kufungia hata kuku mmoja. Usukani umeinama kama pembe za beberu. Ukiipanda unatazama ardhi, kama mtu aliyepoteza kishaufu."

"Ni ya mwendo."

"Mwendo wa kwenda wapi? Morogoro hii, mtu akianza kukohoa sokoni, anamalizia stesheni!"

Mdila alicheka mpaka kahawa ikamwagika juu ya makaa. Alipopangusa macho, uso wake ulibadilika.

"Jamani. Leo si ndiyo siku mjomba wake anashuka kuchukua punda?"

Kicheko kikakatika.

Hilo sote tulikuwa tunalijua, ila tulilisahau kwa raha. Mzee Benedikto wa Matombo ndiye kaka wa mama yake Ahmadi, na kwa Waluguru huyo ndiye mkubwa wa ukoo. Kijana anaweza kuwa na mke, watoto na cherehani, lakini mjomba akisema uza, anauza. Ahmadi alikuwa amemwahidi punda wa kubeba ndizi kutoka Matombo hadi soko la Mkuyuni, ili akina mama wa ukoo wapumzishe vichwa vyao. Mwezi mzima alituambia anamtafuta, kumbe pesa za punda zimenunua baiskeli.

"Basi kwisha," alisema Gazeti, sasa kwa sauti ndogo. "Mzee Benedikto atairudisha leo leo kwa mwenyewe."

"Na Sindano atakufa," alisema Mdila.

Nami niliwaza hivyo hivyo, nikaondoa kitumbua kilichoungua.

Ndipo tukaisikia. Nzzzzz. Kutoka upande wa msikiti, Sindano huyo, kanzu imekunjwa kiunoni, kofia imehamia kisogoni, macho yametoka.

"Assalamu alaykum!" alipiga kelele akitupita.

"Wa alaykum..." Mdila alianza, lakini mwenye salamu alikuwa ameshafika kwa wauza tumbaku.

"Mbona hasimami?"

"Anajidai!"

Alizunguka soko akatokea tena.

"Haisimami!" alisema, akapita.

"Acha kukanyaga!" Behewa alimpigia kelele mgongoni.

Ilibidi tungoje mzunguko wa tatu kupata jibu.

"Nikiacha mimi, zenyewe hazia..." Akapita.

"Haziachi, hizo kanyagio," Gazeti alitumalizia. "Ni za mashindano. Gurudumu likizunguka, na mguu lazima uzunguke."

Mzunguko wa nne Behewa alisimama katikati ya njia, akatanua mikono, akaidaka baiskeli na mtu wake kama anayepokea gunia. Sindano aliteremka. Miguu yake iliendelea kukanyaga hewa mara mbili hivi, kisha ikakumbuka.

"Mmeiona?" aliuliza. Alikuwa analia au anacheka, sikuweza kujua. "Mmeona ilivyo nyepesi? Behewa, inyanyue. Kwa kidole, inyanyue!"

Behewa aliinyanyua kwa kidole. Hata yeye aliipima mara ya pili, kwa kidole cha mwisho.

"Dada, tazama," Sindano aliniambia, akipangusa usukani kwa pindo la kanzu yake safi. "Miaka mitatu nilikuwa nikiisikia inapita mgongoni kwangu. Nikigeuka, imekwisha pita. Leo nimegeuka, iko."

Nilimpa kitumbua.

"Na mjomba?" Mdila aliuliza kwa upole.

Kitumbua kilisimama mdomoni.

"Anashuka kesho."

"Anashuka leo, mwanangu. Leo ni Jumamosi."

"Leo ni Ijumaa!"

"Jana tuliswali Ijumaa ukiwa kando yangu. Ulisujudu ukachelewa kuinuka, nikadhani umeugua. Kumbe ulikuwa unaiombea hii."

Kabla Sindano hajajibu, Gazeti alimgusa bega. Mzee Benedikto alikuwa anakuja kwa njia ya mlimani, fimbo mkono wa kulia. Mkono wa kushoto alibeba kamba mpya ya katani, aliyoisokota mwenyewe, na kwapani kafutika fungu la majani mabichi. Majani ya punda.

Nilimwona Sindano akiyatazama yale majani. Ningeweza kulia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Wazee, habari za hapa?"

"Njema, Mzee. Karibu kahawa."

Mzee Benedikto hakukaa. Aliizunguka baiskeli pole pole, akabonyeza gurudumu kwa kidole gumba, akainama kuutazama ule mnyororo.

"Hii ni ya nani?"

Na hapo Ahmadi Sindano, mtu aliyeisubiri miaka mitatu, alifanya kosa la maisha yake. Mbele yetu wote alinyoosha kidole.

"Ni ya Rehani, mjomba. Ya huyu mtani wetu."

Mdila alifumba macho. Gazeti alisema, "Lahaula," yeye Mkristo. Behewa aliinuka taratibu sana, akajipangusa suruali, akaweka mkono juu ya kiti cha baiskeli.

"Mmesikia?" aliuliza. "Mzee Mdila, umesikia? Gazeti? Binti wa vitumbua? Bwana Natwarlal, wewe huko ndani, umesikia?"

"Nimesikia!" Natwarlal alijibu.

"Mluguru kampa Mnyamwezi baiskeli mbele ya mashahidi. Ahsante, mtani. Wazee wenu wa zamani walikuwa wakitoa mkungu wa ndizi na kulia. Wewe umetoa chuma kizima bila chozi."

"Rehani, ndugu yangu..."

"Ndugu yako nani? Mimi ni mtani wako."

Mzee Benedikto aliketi kwenye gogo kwa uzito, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Ni ya Mnyamwezi kweli?"

"Kwani vipi, mjomba?" Sindano aliuliza.

"Hamna. Jana nililala Mkuyuni, watu waliotoka Ngerengere wakaniambia mpwa wako kanunua chuma cha yule Mdachi. Nikasema punda atangoja, wapo mwaka mzima. Kuanzia pale Mkuyuni, kila niliyekutana naye nimemwambia. Nimesimamisha watu waliobeba mizigo kichwani. Nimemwambia hata padri, na padri kaniuliza mara mbili: Mluguru? Nikasema Mluguru, wa tumbo la dada yangu." Aliyatazama majani yake, akayaweka chini. "Sasa nipande mlima nikawaambie nini?"

Sindano alichutama mbele ya mjomba wake.

"Mjomba," alisema, "nilidanganya. Niliogopa ile kamba. Ni yangu. Nimeilipia mimi."

"Ilikuwa yako," Behewa alisahihisha.

Uso wa Sindano ulianza kuiva. Tuliona hasira inapanda kutoka shingoni.

"Asikasirike!" Mdila alinong'ona. "Akikasirika imekwenda moja kwa moja. Cheka, Sindano! Cheka, mwanangu!"

Sindano alicheka. Nimeona watu wakicheka kwa raha na kwa kejeli, lakini sijaona tena mtu akicheka huku machozi yanamfika kidevuni na mikono yake miwili imeshika gurudumu la nyuma.

"Anacheka," Gazeti alithibitisha. "Mashahidi, anacheka."

"Anacheka vizuri," Behewa alikubali, na nadhani hata yeye moyo ulimgusa kidogo, kwa sababu alikohoa bila sababu. "Haya. Mtani aliyecheka ana haki ya kugomboa."

"Mkungu wa ndizi," Mzee Benedikto alisema haraka.

"Ndizi zenu nitakula hata nisipopewa, Mzee."

"Mikungu miwili."

"Mzee, baki na ndizi zako. Mimi nataka heshima. Mimi ni Mnyamwezi, babu yangu alibeba pembe za watu begani kutoka Tabora hadi Bagamoyo, akapita hapa hapa, na hakuna Mluguru aliyembeba hata hatua moja. Leo nitakaa juu ya chuma hiki. Sindano atanisukuma kupitia sokoni, mbele ya wanawake wote, mpaka stesheni, na njia nzima aimbe kwamba Wanyamwezi ndio wenye nchi na Waluguru ni wapagazi wao. Kwa sauti. Nisiposikia, tunarudi hapa kuanza upya."

Sindano alikunja kanzu.

Haikuwa kazi rahisi kumpandisha Behewa. Mdila alishika mbele, Gazeti alishika mguu, na Natwarlal alitoka dukani kwa mara ya kwanza tangu sikukuu, akasimama mbali akisema, "Polepole, polepole, ukuta wangu!" Kiti kikapotea kabisa chini ya Behewa. Kisha Sindano akasukuma, zile kanyagio zikaanza kujizungusha zenyewe zikimpiga Behewa miundi, ikabidi ainue miguu yote miwili hewani na kuishikilia hivyo.

"Imba!"

"Wanyamwezi ndio wenye nchi!" Sindano aliimba.

"Sauti!"

"WENYE NCHIII! Na Waluguru wapagazi waooo!"

Wanawake wa sokoni waliacha mizani. Wengine walipiga vigelegele, wengine walimwuliza Sindano kama mama yake anajua. Chausiku wa samaki alisema kwamba tangu azaliwe hajaona mpagazi anayeuimbia mzigo wake sifa. Mzee Benedikto alikuwa mbele na fimbo yake akipasua njia kati ya watu, na kila aliyeuliza alimjibu kwa kifua: "Ya mpwa wangu. Huyo wa juu ni mtani tu."

Mimi niliacha kikaango, nikafuata.

Tulipofika stesheni, Behewa aliteremka akichechemea, akashika usukani kwa mikono miwili, akamkabidhi Sindano mbele ya makarani wote.

"Chukua chuma chako, mtani. Umeimba vibaya, lakini umeimba."

Sindano aliipokea. Alikuwa ametota jasho, kanzu imeshika mafuta ya mnyororo, sauti imemkauka. Alikipapasa kiti, akainua mguu apande.

"Ngoja," alisema Mzee Benedikto. Alikuwa amekwisha mpa Gazeti fimbo yake, na anakunja shuka magotini. "Nisukume mpaka sokoni. Nitawaambia nini Matombo, kama sikupanda?"

"Na mimi kutoka sokoni mpaka msikitini," alisema Mdila, akivua viatu.

"Mimi nimeandika foleni," alisema Gazeti, na kweli alikuwa ameandika, nyuma ya hati ya mizigo.

Sindano alitutazama mmoja mmoja.

"Na mimi je?"

Mjomba wake alikuwa ameshaketi juu, mgongo wima, miguu hewani, anatazama milima.

"Wewe? Si yako hiyo? Una haraka gani?"