Skrubu ya Gramafoni

Jumatatu, 12 Novemba 1962

Lazaro kapanda lori kutoka Kiwira kuja kuazima gramafoni yangu! Mwalimu wa kwaya ya Kiwira, mshindani wangu, bila haya. Jumamosi kwaya zetu zinashindana hapa Tukuyu kwa wimbo mmoja wa Kijerumani, na santuri ya wimbo huo, kuukuu, iliyoachwa na wamisheni, ninayo mimi. Mshindi ataimba Mbeya Sikukuu ya Jamhuri. Suti yangu ya safari iko kwa Maulidi, fundi cherehani.

Nimekubali. Tena kwa tabasamu. Watu wangu wameshaushika wimbo kwa mizunguko 78 kwa dakika, kama gramafoni yenyewe ilivyoandikwa. Kabla ya kumpa gramafoni na santuri nikatwaa bisibisi, nikalegeza skrubu ya mwendo ili izunguke polepole. Mwimbaji akageuka mzee aliyeshiba ndizi. Lazaro akasema ndaga fijo, asante sana, akainama. Nusura nimhurumie.

Alhamisi, 15 Novemba

Felista, sauti yangu ya kwanza, analalamika. Wimbo uko juu mno, koo linauma. Nimemwambia Wajerumani ndivyo wanavyoimba. Maulidi kasimamisha cherehani, kauliza nani anachinjwa. Nimemwambia ashone.

Jumamosi, 17 Novemba

Siamini!

Kiwira walitangulia. Polepole, chini, kama walivyofundishwa na skrubu yangu. Nikajifinya nisicheke. Kina mama wakaanza kulia. Kulia! Nikadhani wanawaonea aibu.

Kisha sisi. Pale juu kabisa sauti ya Felista ikakatika katikati ya neno. Akafunga mdomo, akanitazama. Hakuufungua tena.

Mwamuzi, Mchungaji Ambilikile, akaenda kwenye kinanda na karatasi ya noti. Akabonyeza noti ya kwanza. Ni sauti ileile ya Kiwira! Akaitafuta yetu. Haimo. Akasema tumeimba katikati ya vibonyezo viwili, mahali pasipo na noti. Akaeleza, mbele ya umati, kwamba santuri nyingi za zamani zilirekodiwa kwa mwendo wa chini ya 78. Ukizipiga kwa 78, wimbo unakimbia na sauti inapanda. Akawapa Kiwira ushindi, akamsifu Lazaro kwa sikio lake.

Sikio lake? Bisibisi yangu!

Lazaro naye akasimama kunishukuru kwa gramafoni. Nikapigiwa makofi. Sijapata kusikia makofi machungu kama yale.

Jumanne, 20 Novemba

Pigo jingine. Felista kahamia kwaya ya Kiwira. Anasema kule koo linapumzika. Wazee wa kanisa wamenipa mpaka Krismasi: tusipolingana na kinanda, nafasi yangu anapewa Lazaro. Lazaro!

Nimewaza kutwa. Gramafoni imeandikwa 78, tena kwenye chuma. Chuma hakisemi uongo. Basi kilichokosea ni kinanda! Kiko chini mno, na hakuna aliyewahi kukikagua. Nacho lazima kina skrubu mahali.

Kesho asubuhi wazee watakuwa wanachuma chai. Kanisa halifungwi. Bisibisi ninayo.