Mkakati wa Mikono Mikavu

Idara ya Uhamasishaji na Elimu ya Afya kwa Umma ilitangaza, kwa fahari kubwa na kwa spika mbili zilizofungwa juu ya pikapu, kwamba kuanzia siku hiyo wakazi wote wa Gumbo, kitongoji cha Juba, watanawa mikono bila kutumia maji.

Pikapu ilizunguka soko, ikatokea barabara ya Nimule, ikageuza na kurudi na tangazo lile lile. Watu wengi walidhani wamesikia vibaya, wakaikimbilia wasikie tena. Bwana Makur, mkuu wa idara hiyo, aliyekuwa amekaa mbele kando ya dereva, alipowaona kwenye kioo cha pembeni wakimfuata mbio, aliguswa sana. Tangu aingie serikalini hajapata kuona umma wenye kiu ya elimu kiasi kile.

Tusimwonee. Mkakati ulikuwa na sababu zake, naye alizieleza kila alipoulizwa, na hata alipokuwa hajaulizwa. Idara yake ni ya elimu. Elimu ni elimu, maji ni maji. Maji yana wizara yake, yenye wakubwa wake na magari yake, na ofisa wa elimu akionekana na jerikani anaingilia majukumu ya wenzake. Ni kweli mto Naili unapita pale pale, na kila akienda Gumbo Bwana Makur anauvuka darajani, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Lakini mto huo hauko chini ya idara yake.

Halafu kulikuwa na suala la kibao. Mlango wa ofisi yake uliandikwa "Kaimu Mkurugenzi", na lile neno la kwanza lilimkosesha raha. Wenzake walioanza kukaimu pamoja naye walishathibitishwa, wengine wakastaafu wakiwa wamenenepa. Kila mgeni aliyebisha hodi alilisoma neno hilo kwanza, na Bwana Makur, akiwa ndani kitini, alihisi kabisa linavyosomwa. Ndipo Mheshimiwa, mkubwa wao wa wizarani, alipomwambia: "Nionyeshe jambo moja jipya lisiloigharimu serikali kitu, nami nitakuletea kibao kipya kwa mkono wangu." Bwana Makur alikuna kichwa akaona kwamba maji yanagharimu, sabuni inagharimu, lakini hewa ipo ya kutosha.

Waelimishaji afya wote wa idara waliitwa kwenye mafunzo.

"Mwelimishaji afya," alisema Bwana Makur akisimama mbele ya ubao, "ni mtaalamu wa kuonyesha. Si mtaalamu wa kuleta. Akileta, huyo ni msambazaji. Tunaelewana?"

Kisha akaonyesha. Alikunja mikono ya shati, akafungua bomba ambalo halikuwepo, akalowesha viganja, akachukua sabuni ambayo haikuwepo, akasugua katikati ya vidole na chini ya kucha, akasuuza, akafunga bomba asije akapoteza maji. Akakung'uta mikono. Mtu mmoja wa safu ya mbele alijikuta anajifuta uso.

Mwelimishaji aitwaye Loise akanyoosha mkono. Huyu alikulia Nakuru, akasomea kazi yake huko huko, akarudi Juba na cheti kizuri na mdomo usiojua kupumzika.

"Bosi, samahani. Sisi tulifunzwa hii kazi iko na kipande ya mwisho. Ukishamwonyesha mtu, unamwambia, 'Sasa nionyeshe wewe.' Ndio ujue kama ameshika, ama anakubali tu ndio uende zako. Sasa mama wa Gumbo atanionyesha na nini?"

"Na mikono."

"Mikavu?"

"Dada Loise, mkakati unaitwaje?"

"Wa Mikono Mikavu."

"Basi umejijibu."

"Sawa, bosi, lakini tanka moja tu ya maji kila wiki. Pale sokoni kuna tangi iko na mabomba yake, tupu, ni kujaza tu. Watoto wanaharisha vibaya. Na si ati hawajui kunawa. Hawana maji."

"Khalas, yatosha, Dada Loise," alisema Bwana Makur, kwa upole wa mtu mwenye cheo, hata kama ni cha kukaimu. "Tukileta maji, watanawa kwa sababu ya maji. Tusipoleta, watanawa kwa sababu ya elimu."

Ukumbi mzima uliinamisha vichwa na kuyaandika maneno hayo.

Kazi ikaanza, na lazima tukubali kwamba ilipokelewa vizuri. Watu wa Gumbo ni wachangamfu. Wauza nyanya walinawa hewani, madereva wa bodaboda wakanawa hewani bila kushuka kwenye pikipiki, na wengine wakaongeza kupiga mswaki ambao hawakuagizwa, jambo ambalo idara ililihesabu kama mafanikio ya ziada. Taarifa ya mwezi ilisema uelewa wa kunawa umepanda. Kuharisha nako kulikuwa kumepanda, na kwa kuwa vilipanda pamoja, idara iliona vinaendana na ikajipongeza. Loise alipoisoma taarifa hiyo alikasirika mpaka chakula kikamshinda.

Siku ya kilele ikapangwa. Mheshimiwa atakuja na kamera za televisheni, ataona umma ukinawa, atakula chakula cha mchana, kisha atatoa kibao. Chakula kilipewa hoteli ya Mama Erina, Mganda aliyetoka upande wa Jinja na kufungua jiko lake kando ya barabara, jirani na soko. Mbuzi wake wa kuchoma alikuwa anasimamisha malori. Bwana Makur alikwenda mwenyewe kukagua, Loise akiwa naye.

"Mzee, karibu sana," alisema Mama Erina, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. "Lakini mimi iko na shida. Tanka haipiti huku. Ile maji ya jerikani nanunua, yote inaisha kwa sufuria. Ya kunawa haibaki. Sasa mgeni mkubwa namna hii, wasichana yangu itapakua na mikono gani?"

"Wewe na wasichana wako mmefundishwa?"

"Loise alitufundisha."

"Basi nawa, nikuone."

Mama Erina akamtazama Loise. Loise akatazama dari. Mama Erina akafungua bomba la hewani, akasugua, akasuuza, na wasichana wake wakafuata. Bwana Makur aliinama akakagua vidole kimoja kimoja, akiruka palipokuwa na unga.

"Safi sana. Mikono yote ya hoteli hii imenawa."

"Imenawa?" Mama Erina aliigeuza mikono yake akaitazama pande zote.

"Imenawa kitaalamu."

"Na Mheshimiwa atakubali chakula ya mkono hii?"

"Atakubali mbele ya televisheni, mama. Ndiyo maana ya mkakati."

Bwana Makur alipotangulia kwenye gari, Loise alibaki nyuma kidogo, maana kazi yake ilikuwa haijafika mwisho.

"Mama Erina, umeelewa vile bosi amesema?"

"Nimeelewa sana."

"Haya. Siku yenyewe, si utatuonyesha?"

"Nitawaonyesha," alisema Mama Erina, akaanza kutikisika mabega. Loise akamwangalia, akamwangalia tena, na wote wawili wakaangua kicheko kikubwa mpaka Bwana Makur akawapigia honi.

Siku ya kilele hema lilisimama sokoni, karibu na lile tangi tupu, ambalo lilifunikwa kwa kitambaa cha rangi za taifa lisiharibu picha. Msafara wa Mheshimiwa uliingia kwa ving'ora. Bwana Makur, akiwa na suti iliyokuwa ikimbana kwapani, alisogea hadi kwenye gari la pili, na dereva akamfunulia kitambaa kilichokuwa kwenye kiti cha nyuma. Kibao kilikuwepo. Herufi zake zilikuwa za dhahabu, na zilisomeka "Mkurugenzi", basi, bila kitu mbele yake. Alikisoma mara tatu.

Gumbo nzima ilinawa. Watu walisugua hewa kwa pamoja kwa wimbo walioutunga wenyewe, na vumbi likapanda mpaka miguu yao isionekane.

"Na gharama?" aliuliza Mheshimiwa.

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Hakuna kabisa?"

"Hata sabuni hatukununua."

Mheshimiwa alisimama mbele ya kamera akasema kwamba mikono aliyoiona leo ndiyo mikono safi kuliko yote aliyowahi kuiona katika utumishi wake. Watu wakapiga makofi. Bwana Makur alifuta machozi kwa kidole. Kisha ikatangazwa kwamba chakula tayari.

Kutoka jikoni ilikuja harufu ya mbuzi wa kuchoma, ya kweli kabisa. Nyuma ya harufu alikuja Mama Erina na wasichana wake kwa mstari, aproni zimepigwa pasi, wote wamebeba sinia kubwa kwa mikono miwili, migongo imepinda kwa uzito. Sinia hazikuwepo. Mama Erina aliinama mbele ya Mheshimiwa, akatua mzigo wake mezani, akafunua kifuniko, akarudisha uso nyuma kwa sababu ya mvuke.

"Karibu, Mheshimiwa. Samaki ya Naili, mbuzi ya kuchoma, ugali moto. Polepole, sahani itakuchoma."

Bwana Makur aliinuka nusu kitini. "De shunu, Mama Erina?" alinong'ona. "Hiki nini?"

"Chakula, mzee."

"Kiko wapi?"

"Si iko mbele yako? Mkono inanawa namna hii," alisema Mama Erina, akasugua hewa kama alivyofundishwa, "na inapakua namna hii." Akamwekea vipande viwili vya nyama ambavyo havikuwepo, na mchuzi juu.

Kamera zilikuwa zinarekodi. Mheshimiwa aliitazama meza, akazitazama kamera, akamtazama Bwana Makur kwa muda mrefu. Akisema hakuna chakula, amesema hakuna mikono iliyonawa, na maneno yake mwenyewe hayajapoa. Huyu alikuwa mwanasiasa aliyeiva. Alikunja mikono ya koti, akamega ugali, akachovya, akatafuna, akatoa mwiba wa samaki mdomoni na kuuweka pembeni ya sahani. Meza nzima ikamfuata. Bwana Makur alitafuna mpaka taya zikamuuma. Mkubwa mmoja mwishoni mwa meza aliomba apitishiwe chumvi, akapitishiwa.

"Mheshimiwa, ongeza kidogo?" aliuliza Mama Erina.

"Nimeshiba, mama. Ahsante."

"Kidogo tu. Hujala kitu."

Akaongezewa, akala. Watu wa Gumbo walikuwa wanacheka huku wameshikana mabega.

Mheshimiwa alimwegemea Bwana Makur. "Makur," alisema bila kufungua meno, "hiyo nyama ninayoisikia harufu iko wapi?"

Mama Erina alijibu kabla hajaulizwa. "Ile ya ukweli iko jikoni, tele. Lakini ya ukweli inataka mikono ya ukweli. Wasichana yangu haigusi bila maji. Na ninyi pia."

Mheshimiwa aliinua kidole. Kijana wa msafara akapiga simu, wala haikuwa ndefu. Tanka la maji, ambalo kwa miezi lilikuwa nje kabisa ya majukumu ya idara, liliingia sokoni kabla kivuli cha hema hakijasogea. Dereva wake, Waiswa, aliifahamu njia tangu zamani. Kumbe alikuwa anasubiri tu kuambiwa. Kitambaa kikaondolewa na tangi likaanza kuunguruma maji yakiingia. Hakuna wizara hata moja iliyolalamika.

"Mheshimiwa," aliuliza mwandishi wa habari, "tanka hili ni la leo tu?"

Mheshimiwa alikuwa ameshafika kwenye bomba. Pembeni yake Mama Erina alisimama na sinia la mbuzi, la kweli safari hii, ameliinua juu juu. Mheshimiwa akameza mate.

"Kila wiki," alisema. "Rekodini."

Waliorekodi walirekodi, na makelele ya furaha yaliyopigwa na akina mama wa Gumbo yalifika ng'ambo ya pili ya daraja. Loise alilia waziwazi, wala hakujificha. Alipomaliza alichukua kipande cha sabuni, akakiweka kwenye kiganja cha Bwana Makur.

"Sasa nionyeshe wewe, bosi."

Bwana Makur alilifungua bomba kwa nguvu likamlowesha viatu. Alishika sabuni, ikaruka. Akaiokota, ikaruka tena na kuingia chini ya meza ya wakubwa. Katika mafunzo yote aliyotoa, sabuni haikuwahi kumteleza. Mtaalamu alipiga magoti akaitafuta.

"Katikati ya vidole, bosi. Bado. Na kucha. Tena."

Maji yalitoka mikononi mwake yakiwa ya kahawia. Bwana Makur aliyatazama kwa mshangao wa kweli, kisha akasugua tena, safari hii bila kuambiwa.

Wakala, wakashiba. Mheshimiwa alipomaliza kufuta mdomo alimwita Bwana Makur mbele, na kamera zikageuka. Dereva alishaanza kufungua mlango wa gari la pili. Mheshimiwa akamzuia kwa kutikisa kichwa. Kisha akanyoosha mikono yake miwili hewani, akapokea kitu kizito kutoka kwa mtu asiyekuwepo, akakipuliza vumbi, akakisugua kwa mkono wa koti kikang'aa, na kumkabidhi.

"Hongera, Mkurugenzi."

"Mheshimiwa," alisema Bwana Makur kwa sauti ndogo, "na kile cha kwenye gari?"

"Ndugu yangu, mimi natoa cheo. Cheo ni cheo, kibao ni kibao. Vibao vina wizara yake."

Gumbo ilipiga makofi kwa mikono iliyolowa. Bwana Makur alizitazama kamera, akainama kwa heshima, akapokea kwa mikono miwili. Akashukuru. Akakibana kwapani na kuondoka nacho kuelekea pikapu, bega moja limeshuka, na watu wakampisha njia.

Loise alimfungulia mlango. "Polepole, bosi," alisema, "kisianguke."

Na Bwana Makur akainama, akakilaza kitini taratibu.