Kanuni ya Nyuki na Mgahawa Usio na Menyu

Jumatatu, 3 Agosti

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote: sijawahi kula mgahawani. Hata mara moja. Bibi yangu, ninayeishi naye, huamini kwamba mtu anayekula nje amefukuzwa ndani. Nimesoma kuhusu migahawa, bila shaka. Nimesoma riwaya ambamo watu huingia, hukaa, huinua kidole na sahani huja. Nadharia ninaijua vizuri. Tatizo ni vitendo.

Na leo nimejitolea kutafuta mgahawa wa chama kizima.

Ilikuwa hivi. Chama cha Wasomaji cha shule yetu kinakwenda mjini Ijumaa kutazama maonyesho ya vitabu, kurudi Jumapili. Mwalimu wa historia, ambaye ndiye mlezi wetu, akauliza nani anajua mahali pazuri pa kula. Alitaka pale mitaani wanapokula wenyeji, si kule kwenye taa nyingi. Bingwa, mwanafunzi mwenzetu chamani, akasema tumwachie yeye, mjomba wake anaishi mjini. Kwa Bingwa kila kitu kiko kwa mjomba. Wote wakageuka kumtazama kwa heshima, kama kawaida. Hapo mkono wangu ukapanda. Sikuutuma. Mwalimu akasema, "Haya, Kamusi." (Ndilo jina langu hapa shuleni. Kuna mabaya zaidi.)

Uamuzi: Bingwa achague chakula cha Ijumaa jioni, mimi cha Jumamosi mchana. Atakayefaulu ataongoza mambo ya chakula safari zote za mwaka.

Kwa nini nilifanya hivyo? Niandike ukweli, maana hakuna atakayesoma. Kwenye bwalo la shule mimi hula nimesimama dirishani, kitabu mkononi. Watu hudhani napenda. Bingwa anaweza kufika wa mwisho, mabenchi yamejaa pomoni, na bado akawa na pa kukaa. Nimelichunguza jambo hili tangu kidato cha kwanza na sijaelewa linavyofanyika. Lakini mtu aliyewapatia wenzake chakula kitamu, nadhani, hawezi kuachwa asimame.

Jumanne, 4 Agosti

Maktaba. Nimepata kitabu cha kuwaongoza wageni mjini. Kina umri mkubwa kuliko baba yangu. Mende wamekula kurasa kadhaa, bahati nzuri si zile za chakula. Kinausifu mgahawa mmoja nyuma ya stesheni ya treni: supu ya hali ya juu, wahudumu wenye glavu nyeupe. Namba ya simu ipo.

Nikaazima simu ya bawabu. Kwanza nilifanya mazoezi ya kusema "hujambo". Akapokea mwanamke mwenye sauti ya upole. Nikauliza kama bado wanavaa glavu nyeupe. Akasema ndiyo, tena mpya kila siku. Furaha! Nikauliza kama watu kumi na wanne wanaweza kuhudumiwa pamoja. Akasema hapana, mmoja mmoja, na wasile kitu asubuhi hiyo. Nikamhakikishia kwamba watakuja na njaa kali. Akauliza ni meno ya juu au ya chini.

Siku hizi ni kliniki ya meno.

Bawabu alikuwa anasikiliza. Kufikia jioni shule nzima ilikuwa na habari. Bingwa amepita mbele yangu kashika shavu, anaugulia, akaniomba nimtafutie meza karibu na dirisha.

Alhamisi, 6 Agosti

Jana sikuandika kwa sababu ya njaa. Nilikwenda kwa mpishi wa shule kumwuliza, kama mtaalamu, dalili za chakula kizuri. Akaniuliza kwani chake kina kasoro gani. Nikasema sikumaanisha chake, nilimaanisha chakula kizuri. Niliyasikia maneno yakitoka na sikuweza kuyarudisha. Nilipofika kwenye foleni, upawa wake ulisimama juu ya sahani yangu, ukatetemeka, na maharage yote yakarudi sufuriani.

Lakini leo mambo yamekuwa mambo. Nimepata njia, na nimeipata kwenye kitabu cha wadudu.

Nyuki hasomi vibao. Hapigi simu. Humfuata nyuki mwenzake anayejua maua yaliko, basi, mzinga mzima unashiba. Kwa hiyo, kutafuta mgahawa ni kosa. Unatakiwa kumtafuta mtu wa mtaa ule, mwenye njaa na haraka, saa za mchana, halafu unamfuata. Nimeiita Kanuni ya Nyuki.

Nimemweleza Bibi. Akauliza huyo mtu ataambiwa kwamba anafuatwa? Nikasema hapana, itaharibu utafiti. Akasema nisisahau sweta.

Ijumaa, 7 Agosti

Mjini. Tumefikia hosteli ya wanafunzi yenye vitanda vinavyolia ukipumua.

Jioni, zamu ya Bingwa. Mgahawa wa taa za kijani, na muziki wa kumtoa mtu roho. Hakuna aliyemjua mjomba. Bingwa akaeleza: mrefu, mcheshi, ana pikipiki. Mhudumu akasema mjini hapa hao ni wengi. Wali ulikuwa wa moto juu na wa baridi chini, jambo ambalo kisayansi bado linanisumbua. Samaki wangu alikuwa na uso wa mtu aliyesubiri sana.

Nilitaka kufurahi. Nilifurahi kidogo. Halafu Mwalimu, ambaye akiwa na njaa hugeuka mtu mwingine kabisa, akatusimamisha kwenye ngazi za hosteli. Akasema kesho mchana ni Kamusi. Tukila vibaya tena, milo yote iliyobaki itakuwa mkate mkavu, vitandani, kimya kimya, na safari nyingine mwaka huu tusahau.

Wote wakanitazama. Nilitamani sana dirisha langu.

Wakati wa kupanda, Mchoraji akabaki nyuma. Huyu ni msichana wa darasa letu, ndiye anayechora mabango ya chama. Akaniambia, "Kamusi, usituangushe bwana." Hajawahi kuzungumza nami tangu siku ile alipoomba kifutio changu kidato cha kwanza. Kifutio hicho bado ninacho.

Sitawaangusha. Nyuki hakosei.

Jumamosi, 8 Agosti

Niandike kwa utaratibu. Vidole vimekunjamana kwa maji, lakini nitaandika.

Baada ya maonyesho tulisimama kwenye kona ya mtaa tulivu, penye duka la rangi, kibanda cha fundi saa na paka. Mwalimu akauliza mgahawa uko wapi. Nikasema unakuja. Bingwa akauliza kwani una magurudumu. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nachagua nyuki.

Akatokea! Fundi rangi. Suruali yote madoa, brashi mkononi, katoka dukani mbio mbio, anatazama saa. Njaa ilimwandama waziwazi. Nikasema, "Huyo." Tukamfuata.

Akapinda, tukapinda. Akageuka kutazama, tukatazama ukuta. Akaongeza mwendo. Nikawanong'oneza wenzangu kwamba hiyo ni dalili njema, chakula kinakaribia. Akaanza kukimbia. Nikasema hicho sasa lazima kiwe chakula cha ajabu. Mwalimu alikuwa anahema, lakini alikimbia kuliko sisi sote.

Fundi akachomoka kwenye kichochoro, akatumbukia ndani ya geti la bluu. Nasi tukatumbukia.

Harufu! Mabenchi marefu, vitambaa vyeupe mezani, masufuria makubwa. Watu waliovaa vizuri wamekaa pande mbili, wanatazamana kimya. Nikajua ni wale walaji makini. Mama mmoja mwenye aproni akatukimbilia, akasema karibuni jamani, tulidhani mmepotea, kaeni upande ule. Sahani zikaja kabla hatujainua kidole. Hakuna menyu! Nikamweleza Mwalimu kwamba mpishi anayejiamini haulizi mtu anataka nini. Mwalimu hakunisikia. Alikuwa na kuku.

Sijawahi kula vile. Hata Bingwa alinyamaza, na hilo ni jipya. Mchoraji akaniangalia toka upande wa pili wa meza, akainua kijiko kama anayetoa saluti. Nilimwaga maji.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Fundi rangi alikuwa nyuma ya mlango, anatuchungulia, brashi kaikamata kama panga.

Mzee mwenye kofia akasimama. Akatushukuru kwa kuja. Akasema kuanzia leo nyumba hii ni yetu. Nimesoma kuhusu ukarimu wa wenye migahawa lakini sikutegemea kiasi hiki. Mwalimu, aliyekuwa kwenye sahani ya pili, aliguswa. Akasimama naye, akajibu kwa niaba ya wanawe wote, akasema tumependezwa na kila tulichokiona. Mzee akauliza, kwa uzito, kama upande wetu una neno lolote la kupinga. Mwalimu akafikiri. Akasema labda chumvi kwenye supu, kidogo tu, lakini si la kuvunja uhusiano. Wakapiga makofi. Bibi mmoja akafuta machozi.

Hapo Bingwa akapiga vidole. Akamwita mama wa aproni, "Dada! Tuletee bili."

Mama akauliza bili ya nini.

Mama akageukia watu wa upande wa pili, akawauliza kama sisi si ndugu zao. Wakasema hapana, walidhani ni ndugu zake yeye. Polepole mambo yakajulikana. Kijana wa familia moja anamwoa binti wa familia nyingine, na leo ndiyo siku ya ndugu wa pande mbili kukutana kwa mara ya kwanza. Baba wa kijana akasema ni kweli alishangaa kumwona Mwalimu akijibu badala yake, ila alidhani ndiyo taratibu za nyumba hii. Fundi rangi akatoka nyuma ya mlango. Kumbe ni kaka wa bibi harusi, alichelewa kazini. Akapaza sauti, "Hawa wamenifuata tangu dukani! Nikipinda wanapinda! Nikikimbia wanakimbia!"

Mzee akauliza nani kiongozi. Wote wakamtazama Mwalimu. Mwalimu akanitazama mimi.

Nikasimama, nikaeleza Kanuni ya Nyuki. Nilianza na viungo vya nyuki, ili tuelewane vizuri. Nilipofika kwenye mabawa, bibi wa bwana harusi akatoa meno yake ya bandia, akayashika mkononi, akaanza kucheka kwa nafasi. Akafuata mzee. Wakafuata wengine, pande zote mbili, mpaka hujui nani wa upande gani. Mimi sikuelewa kilichochekesha. Nilikuwa sijafika kwenye asali.

Mama wa aproni akatuonyesha karai la vyombo. Haki yake. Tuliosha sote, Mwalimu masufuria. Mimi nilisugua, Mchoraji akafuta. Alijaribu kusema kitu, akashindwa, akacheka mpaka akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, machozi yanamtoka.

Nimemwaibisha hadi kumliza. Basi. Nimewaangusha.

Jumapili, 9 Agosti

Safari ya kurudi. Nilikaa kiti cha mbele, peke yangu, nyuma ya dereva, nisimkwaze mtu.

Nyuma kelele tupu. Kila mtu anasimulia jana upya, na kila akisimulia fundi rangi anakimbia zaidi. Bingwa mwenyewe ameigiza ile ya chumvi mara kadhaa. Kila baada ya muda wanapaza sauti, "Hoteli ya Kamusi!" na kupiga makofi. Kunikejeli kwa pamoja namna hiyo, tena kwa furaha, kumenichoma. Mwalimu akaja mbele, akasema hajala vile tangu harusi yake mwenyewe, na safari ijayo chakula ni mimi. Mtu mwenye huruma sana. Sikumwamini hata kidogo.

Halafu Mchoraji akaja, akanipa karatasi. Amechora msafara wa nyuki kumi na wanne nyuma ya mtu mwenye brashi. Nyuki wa mbele ana miwani na kitabu. Akasimama pale akisubiri niseme kitu.

Niliikagua kwa makini. Nyuki wake wana miguu minne. Nikatoa kalamu, nikawaongezea wote miguu miwili miwili, nikamrudishia. Akaitazama. Akasema, "Asante, Kamusi," akarudi nyuma taratibu.

Nafurahi angalau katika hilo nimemsaidia.

Jumatatu, 10 Agosti

Bwaloni mchana. Mpishi amenisamehe, maharage yamefika.

Mabenchi yamejaa pomoni, isipokuwa kwenye meza ya chama. Kando ya Mchoraji palikuwa pameachwa nafasi, na juu yake mkoba wake. Aliponiona akauondoa mkoba, akaupangusa ubao kwa kiganja. Nikasogea, nikamwuliza kwa adabu kama kuna mtu anakaa pale. Akasema, "Bado." Akanitazama.

Nikaelewa. Mtu yuko njiani.

Bingwa akaja na sahani yake, akataka kukaa. Mchoraji akamwambia pana mwenyewe. Bingwa akanitazama mimi, akamtazama yeye, akatikisa kichwa na kwenda kubanana mwisho wa benchi. Yaani hata Bingwa kanyimwa! Huyo anayesubiriwa lazima awe mtu mkubwa kweli. Nimeamua kumchunguza. Nitajua ni nani, nitajua amefanya nini mpaka akawekewa nafasi, kisha nitafanya hivyo hivyo. Nitamfuata kama nyuki.

Nikamtakia Mchoraji mlo mwema. Nikaenda dirishani, nikafungua kitabu, nikala nimesimama, jicho kwenye ile nafasi.

Hakuna aliyekuja.