Kipa wa Sauti ya Kuazima

Jumatatu, 3 Februari

Nimekasirika. Nakandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Wenzangu wote wanaocheza mpira wameshatuma wasifu wao kwa makocha wa vyuo. Mimi, Dalila Ozuna, golikipa, bado. Chuo kisiponichukua kwa mpira nitabaki hapahapa mjini Harlingen, nikipanga matairi kwenye duka la Baba. Ameshanishonea sare! Ina jina langu kifuani.

Nimejaza wasifu leo. Penye sifa za mchezaji nikakwama. Nikachungulia wasifu wa makipa wengine mtandaoni. Wote wameandika "kiongozi kwa sauti." Nami nikaandika hivyohivyo. Uongo mtupu! Nimesomeshwa kwa lugha mbili tangu chekechea, Kihispania asubuhi, Kiingereza mchana, na naona haya kusema kwa zote mbili. Uwanjani nadaka kimyakimya. Anayepiga kelele ni Perla Cantú, beki wa kati, nahodha, koo kama honi ya lori. Simpendi. Juzi alisema mbele ya timu nzima kwamba bora golini liwekwe kopo la rangi, maana kopo likipigwa angalau linalia.

Video za mechi anarekodi Shangazi Nelda. Mkono unamtetemeka, na muda wote anamsengenya mke wa mjomba. Nimefuta sauti yote nikaweka muziki. Nimetuma kwa makocha kibao.

Jumanne, 4 Februari

Nimejibiwa! Kocha Dunleavy, chuo kidogo cha Kansas. Amependa mikono yangu. Halafu, bila haya, anasema muziki niutoe. Anataka sauti halisi ya uwanjani, kwa kuwa kipa asiyepanga mabeki wake hana kazi naye. Hivi mpira unadakwa kwa mdomo?

Nikajifungia kwenye kabati la nguo nirekodi sauti yangu, niibandike kwenye video. Nikasema "Wangu!" kama kipa anayeuita mpira. Ikatoka kama mgonjwa anayeomba maji. Nikarudia. Bibi akafungua kabati akauliza wangu nani, na kama siku hizi naongea na makoti, niseme mapema aitwe padri.

Nikakaa chini nikanuna. Ndipo nikakumbuka: sauti halisi ipo! "Panda! Mshike huyo! Toka, toka!" Ya Perla, lakini kwa kamera ya Shangazi nani ataona midomo? Nikakata masengenyo, nikaacha kelele. Nikatuma. Nikaandika kwamba sauti ni yangu.

Alhamisi, 6 Februari

Kocha Dunleavy amefurahi mno. Anasema sauti ile amewasikilizisha wasaidizi wake. Na kwa bahati yuko huku kwetu kutazama wachezaji, kwa hiyo kesho anakuja kwenye mechi yetu kuisikia mwenyewe.

Bahati ya nani?

Ikabidi nimwendee Perla. Nilimkuta kantini anakula taco yake ya maharage. Nikamweleza kwa kunong'ona: kesho asimame karibu na goli, yeye apige kelele, mimi nifungue mdomo. Alicheka mpaka maharage yakamtoka puani. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, kwa hiyo wewe dada umeuza koo langu? Akasema yeye ametuma wasifu tangu kabla ya Krismasi na hakuna kocha hata mmoja aliyemjibu. Nikamwambia labda hawana haja na kelele tupu.

Halikuwa jibu zuri.

Akasema sawa, hakuna neno. Kwa upole! Perla hajawahi kuwa mpole.

Ijumaa, 7 Februari

Mnyama yule! Hakusema kitu mechi nzima. Kimya kama mtawa. Mimi nafungua mdomo, nafunga, kama samaki kwenye ndoo. Mabeki wanagongana. Bao la kwanza. La pili. Jukwaani Shangazi Nelda amekaa ubavuni kwa Kocha Dunleavy, na kwa kutaka kunisaidia akamwambia asinifikirie vibaya, mtoto huyu hana sauti tangu azaliwe, hata mkunga alimpiga makofi mara mbili ndipo akalia.

Dakika za mwisho, kona. Perla akageuka, akanitazama, akashika koo na kukohoa kidogo, eti mafua. Akatabasamu.

Nikalipuka. Nilimwita ng'ombe kwa Kihispania na punda kwa Kiingereza. Nikamwambia akae mlingoti wa karibu kabla sijamburuta kwa nywele. Wengine nikawaambia wapi pa kusimama na nini kitawapata wasiposimama. Mabeki wote wakakimbilia nafasi zao kwa hofu. Perla pia! Kona ikaja, nikadaka. Refa akanipa kadi ya njano. Bibi akafanya ishara ya msalaba.

Baadaye Kocha Dunleavy akasema sauti hii siyo ile ya kwenye video. Nikatazama viatu vyangu. Akasema waongo hawataki. Ila kipa wa dakika zile za mwisho anamtaka. Basi nafasi moja tu: kufikia Jumamosi ya wiki ijayo nimtumie mechi nzima, haijakatwa, sauti yangu mwenyewe. Akaniuliza na jina la mwenye sauti ile. Nikalitaja kwa meno yaliyofungwa.

Jumapili, 9 Februari

Nimefikiri sana leo tukila nyama ya barbacoa. Uongo basi! Atapata mechi nzima na sauti yangu.

Kuna tatizo dogo. Mechi yetu ijayo ni na wale waliotufunga mabao sita, na wasichana wakubwa wakinikodolea macho narudi kunong'ona. Lakini Kocha hakusema tucheze na nani. Binamu yangu Chuy anafundisha timu ya wasichana wa darasa la tano. Nitawadakia, na wale naweza kuwafokea. Nimeshaazima jezi za wakubwa, watazichomeka ndani ya kaptula. Shangazi atarekodi kutoka juu kabisa, kimo kisionekane. Perla amekubali kucheza, mradi na yeye aonekane.

Na sikati kitu, nimeapa. Labda mapumziko tu, pale akina mama watakapoingia uwanjani kuwafunga watoto wao kamba za viatu.