Pua ya Mama Mkwe na Glasi Zangu Nne

Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na goti limetulia. Huku sote hatujambo, isipokuwa mimi. Kwa heshima zote naomba uandike barua fupi, kwa mkono wako na sahihi yako, ukiri mbele ya wafanyakazi wenzangu kwamba Jumamosi ile ulibahatisha. Bila hiyo barua nimekwisha. Sababu zangu ni hizi:

1. Zile wiski nne za Uskoti hazikuwa ulevi, Mama. Ulikuwa ulinganisho. Shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi, na kila kiwanda kina moshi wake. Mimi ni mkaguzi wa mizani, kazi yangu ni kuwaumbua wauza sukari kwa gramu tano. Kila glasi niliipima kwa bomba la sindano, nikabandika namba chini yake, nikafungua daftari. Kwa mambo haya ofisi nzima iliniita Profesa, na siku hiyo nilikuwa nimealika watatu waje kujifunza kwangu. Wewe ukatoka chumbani, ukanusa hewa, ukauliza nani ana kidonda. Kisha ukanipandisha mguu wa suruali mbele ya wageni ukitafuta bandeji! Jamani, Mama, mkwe ni mtu wa kupandishwa suruali kweli?

2. Nilipokueleza kwamba harufu ile ni ya kinywaji, ulisogea mezani. Hukuonja hata tone. Ulinusa tu, ukasema ya kwanza ni bandeji mpya, ya pili kamba iliyoungua, ya tatu samaki wa kukaushwa, ya nne wodi iliyotoka kupigwa deki. Wenzangu wakachungulia daftari langu. Nilikuwa nimeandika: moshi, moshi, moshi mwingi, moshi. Miezi mitatu nasoma habari za wiski, na hicho ndicho nilichovuna.

3. Karani wetu, yule anayecheka kama anakohoa, alizichanganya glasi mara tatu huku umefumba macho. Hukukosea hata moja. Akanichanganyia na mimi. Nikapata moja, na hiyo moja ilikuwa imemeguka ukingoni.

4. Ulieleza kwamba miaka thelathini na miwili ya uuguzi humfundisha mtu kunusa kidonda kabla hajafungua bandeji. Silipingi hilo, ila ungelisema kwa sauti ya chini. Sasa siitwi tena Profesa. Jana hata mfagiaji wa ofisi alinipa pole, akauliza kama kidonda kimepona. Naona aibu, Mama. Siku hizi naingia kazini kwa mlango wa nyuma.

5. Kwa hasira nilitamka kwamba mambo ya wiski hayawahusu wauguzi wastaafu wenye magoti mabovu. Badala ya kusubiri nitulie, Jumapili asubuhi ukafunga begi lako ukaondoka. Tangu hapo binti yako ananijibu kwa kutikisa kichwa tu, na mara nyingi anakitikisa kukataa. Hili nalo naliweka juu yako.

Kwa hiyo barua iseme hivi tu: nilibahatisha, na mkwe wangu ana pua makini. Sifa nyingine usiongeze, mimi ni mtu wa kiasi.

Nisalimie Baba, mashangazi wote, jirani wa ukuta wa pili, na yeyote atakayeuliza hali yangu, ila usimweleze.

Wako kwa adabu tele na kinyongo kidogo,

Mkweo

Nyongeza: Tangu juzi nimeshikwa na mafua makali, pua zimeziba zote mbili, hata kitunguu kinachokaangwa sikisikii. Leo mchana nimemwomba binti yako anichanganyie glasi tena. Nimepata mbili, bila kunusa chochote; kumbe anayebahatisha ni mimi. Mama, lile neno la magoti nalifuta, nisamehe sana, lilinitoka vibaya. Barua usiandike. Njoo wewe mwenyewe, tena njoo kabla pua hazijazibuka, maana nikipona nitaanza kubisha.