Kamati ya Kumuenzi Thabiti

Halmashauri ya Mji Mdogo wa Namkuyu iliutangazia umma, kwa gari la matangazo lililozunguka siku tatu kutoka sokoni hadi njia panda ya kwenda Nanyamba, kwamba kuanzia tarehe hiyo winga wa kushoto Thabiti Nuhu, anayecheza soka la kulipwa nchini Ureno, ni Tunu ya Halmashauri. Tangazo lilifafanua kwamba tunu hiyo imepatikana kutokana na mazingira wezeshi. Mazingira yenyewe ni uwanja wa mchanga nyuma ya ghala la korosho, ambako Thabiti alijifunza kukokota mpira kwa sababu mpira ukipigwa pale haufiki popote.

Mwandishi wa tangazo hilo alikuwa Gaudensi Nalyoto, Afisa Utambuzi wa Wakazi, mtu wa miaka arobaini na minne, mpole, nadhifu, asiyepita mbele ya muhuri bila kuukagua kama una wino. Aliteuliwa Katibu wa Kamati ya Kumuenzi Thabiti. Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, idadi sawa na ya timu, ingawa wote walitaka kucheza nambari tisa. Iligawanyika katika kamati ndogo nne: ya Bango, ya Vazi Rasmi, ya Hotuba, na ya Usafi wa Njia Ambazo Thabiti Aliwahi Kupita. Hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa na kazi ngumu, maana utotoni Thabiti alipita kila mahali, yakiwemo mashamba ya watu.

Tusimwonee Gaudensi. Alimpenda kijana yule kwa dhati. Kila Jumapili alimtazama kwenye simu, picha ikikwama na kukwamuka, na kijana alipomlamba chenga beki alijikuta akisema "Haya!" peke yake kibarazani. Timu ya Thabiti ilikuwa ya daraja la pili, ya mji ambao katika vikao vya Kamati jina lake lilitamkwa kwa namna saba. Msimu uliopita alifunga mabao tisa. Magazeti yalianza kumtaja kwenye orodha ya awali ya timu ya taifa.

Basi Jumatatu moja ya Julai, Bi Hamisa, mama yake Thabiti, aliingia ofisini akiwa na mfuko wa ming'oko, viazi pori vya kusini, iliyochemshwa, na bahasha ya kaki.

"Shikamoo, mama," alisema Gaudensi, akiinuka kama ameingia mheshimiwa.

"Marahaba, mwanangu. Nina shida ndogo ya karatasi."

Shida ilikuwa hivi. Pasipoti ya Thabiti ilikuwa inakwisha mwishoni mwa Agosti. Ya mwanzo aliipata zamani, kwa karani aliyekuwa na haraka ya kwenda msibani. Sasa kulikuwa na mashine, na mashine haina msiba. Ilikuwa imegundua kwamba pasipoti inasema Thabiti na cheti cha kuzaliwa kinasema Sabiti. Bila pasipoti mpya hapati kibali cha kuishi Ureno, na bila kibali timu haimsajili kwa msimu mpya. Kilichotakiwa ni barua moja ya halmashauri ya alikozaliwa, kuthibitisha kwamba Sabiti Nuhu na Thabiti Nuhu ni mtu mmoja.

"Hilo jambo jepesi kabisa," alisema Gaudensi, akafungua droo na kutoa fomu. Uso wake ukabadilika kidogo. "Ila hapa inataka mwombaji afike mwenyewe."

"Yuko Ureno."

"Aje."

"Aje vipi, pasipoti ndiyo hiyo inakwisha? Akitoka kule bila karatasi hawamrudishi ndani."

"Naona ugumu wake," alikiri Gaudensi, na kweli aliuona. "Lakini fomu haina kisanduku cha ugumu."

Bi Hamisa aligeukia dirishani. Nje, mafundi wawili walikuwa wakipandisha bango la mita sita. Juu yake palikuwa na uso wa mwanawe mkubwa kama lori, na maandishi: THABITI NUHU, MTOTO WA NAMKUYU.

"Yule pale nani?"

"Yule ni shujaa wetu, mama."

"Kazaliwa wapi?"

"Hapa hapa Namkuyu, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga."

"Mama yake nani?"

"Si wewe, mama."

"Basi hayo hayo unayonambia, nnakuomba uyaandike kwenye karatasi."

Gaudensi alijifuta jasho. "Bango ni hamasa, mama. Barua ni uthibitisho. Ni idara mbili tofauti."

Hata hivyo alilipeleka suala lile kwenye Kamati. Mkurugenzi wa Halmashauri, Bi Beatrice Mkwavila, aliyekuwa mwenyekiti, alilipokea kwa uzito mkubwa na kuagiza liingizwe chini ya Mengineyo. Kikao cha kwanza kiliahirishwa kabla ya Mengineyo kwa sababu pilau ilifika. Kikao cha pili kilitumia saa nne kuamua kama kwenye fulana Thabiti acheke au akaze uso. Katika kikao cha tatu Mengineyo ilifikiwa, lakini mjumbe mmoja aliuliza kama ni sahihi Kamati ya Kumuenzi Thabiti kushughulikia mambo ya Thabiti binafsi, wakaonelea ni mgongano wa maslahi.

Bi Hamisa alirudi mara ya nne katikati ya Agosti. Safari hii hakuleta ming'oko. Alileta simu, akaiweka juu ya meza, na kwenye kioo akatokea Thabiti akiwa na koti la mazoezi na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Shikamoo, Bwana Gaudensi."

"Marahaba, marahaba, baba! Ile krosi ya mechi ya mwisho ilikuwa..."

"Bwana Gaudensi, zimebaki siku kumi na nne. Kocha ananiuliza kila asubuhi. Ni mimi huyu, unaniona?"

Gaudensi alimtazama. Alikuwa amemjua tangu hana meno ya mbele. Aliwahi kumfukuza kwenye ua wa ofisi kwa kuvunja kioo. Akatazama fomu.

"Nakuona, baba," alisema polepole. "Lakini kwa mujibu wa utaratibu sijakuona."

Bi Hamisa aliichukua simu yake, akaifunika kwa khanga kama mtu anayefunika mtoto baridi isimpate, akatoka bila kuaga. Siku nzima ile Gaudensi alishindwa kunywa chai. Lakini barua hakuiandika.

Nyumbani, Bi Hamisa alipindua sanduku akitafuta karatasi yoyote yenye jina la mwanawe sawasawa. Alipata kadi ya kliniki iliyoliwa na mchwa. Alipata pia karatasi aliyoachiwa na marehemu baba yake mzazi, imekunjwa mara nne, imeandikwa lugha asiyoijua. Kwa kukata tamaa akapiga picha kila kitu na kumtumia Thabiti.

Thabiti naye akamwonyesha katibu wa timu, mwanamke mmoja aliyekuwa akishughulikia usajili. Kadi ya kliniki hakuielewa. Ile karatasi ya zamani aliisoma yote mara moja bila hata kuvaa miwani, kwa sababu ilikuwa ya Kireno.

"Mama yako amezaliwa Msumbiji," alimwambia. "Kionga, ng'ambo ya Ruvuma, wakati wa ukoloni wetu. Hiki ni cheti chake. Hukujua?"

Alijua, kama anavyojua kila mtu wa upande ule. Babu yake alivuka na watoto wakati wa vita, akalima mihogo upande wa pili, basi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mto ni jambo la kuandika. Katibu alimwelekeza ubalozi wa Msumbiji, Lisbon. Kule walikiangalia cheti, wakaangalia kitabu chao, wakamtazama usoni, wakamuuliza kama ni kweli anapiga kwa mguu wa kushoto. Siku tisa baadaye alikuwa na pasipoti.

Alimpigia mama yake mchana huo huo.

"Mama, nimesajiliwa."

"Alhamdulillahi!"

"Lakini mama, sheria ya kwetu hairuhusu uraia wa nchi mbili. Nimechukua hii, basi ile ya nyumbani imekufa. Mimi si Mtanzania tena."

Bi Hamisa alikuwa akibangua korosho. Akaliacha jiwe. "Kwani umekuwa nani?"

"Nimekuwa mtoto wako," alisema Thabiti. "Ndivyo walivyoandika."

Asubuhi Bi Hamisa alikwenda ofisini kutoa taarifa, maana ni mtu wa kufuata taratibu. Gaudensi hakuwepo, alikuwa Mtwara mjini, mtaa wa Ufukoni, akikagua fulana. Karani wa mapokezi alimwambia kwamba taarifa za kuacha kuwa wa kwetu hazina fomu.

Ikafika Novemba na Siku ya Thabiti. Kamati ilikuwa imeipanga makusudi iangukie mechi ya kirafiki kati ya Tanzania na Msumbiji, kwa hesabu kwamba kijana lazima awepo uwanjani. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Skrini kubwa ilisimikwa kwenye uwanja wa mchanga, ngoma za Kimakonde zikapigwa, fulana elfu moja zikagawiwa, juu yake picha ya Thabiti akiwa amekaza uso. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Faraji Kambutu, Mratibu wa Hamasa za Kanda, mtu mwenye wadhifa uliojulikana na wote na kazi isiyojulikana na yeyote. Mpira hakuufahamu. Alipewa maelekezo ya kitaalamu na Bi Beatrice: kijana wetu akishika mpira, Mheshimiwa atabasamu, akifunga, Mheshimiwa asimame na kupiga makofi mbele ya kamera.

Timu zikaingia. Gaudensi, kiti cha nyuma ya Mheshimiwa, alihesabu nyuso za Watanzania zote kumi na moja, akahesabu tena. Kamera ikahamia kwenye jezi nyekundu za Msumbiji. Wa nne kutoka mwisho alikuwa Thabiti, mkono kifuani, anaimba wimbo ambao ni dhahiri alijifunza juzi.

Wapiga ngoma walisimamisha mikono. Bi Hamisa peke yake alipiga kigelegele kimoja, kisha akajiziba mdomo.

"Amevaa nyekundu," alinong'ona Bi Beatrice.

"Inampendeza," alisema Mheshimiwa, akatabasamu kama alivyoelekezwa.

Dakika ya sitini na nane Thabiti alipokea mpira kushoto, akamwacha beki amekaa chini, akaingia ndani na kuupiga kwenye kona ya mbali. Bao. Mtangazaji akalia kama amefiwa. Watu elfu moja wa Namkuyu, kila mmoja na uso wa Thabiti kifuani, hawakujua washangilie au waombe radhi. Mheshimiwa alisimama. Alipiga makofi kwa nguvu na kwa muda mrefu, akainua mikono yote miwili, akageuka kuiangalia kamera vizuri, akatamka: "Huo ndio uzalendo!"

Kufikia saa ya magharibi video ilikuwa imefika mikoa yote. Thabiti hakuonekana akishangilia. Alikuwa ameinamisha kichwa na kutembea taratibu kurudi katikati. Aliyeshangilia ni mmoja tu.

Jumatatu, dereva wa Mheshimiwa alileta ujumbe wa dharura. Wakubwa wa juu walikuwa wakiuliza maswali. Mheshimiwa amewajibu kwamba mtu anayeonekana kwenye video si yeye bali ni mtu anayefanana naye, na kwamba Ofisi ya Utambuzi wa Wakazi, Namkuyu, italithibitisha hilo kwa barua leo hii.

Bi Beatrice aliileta karatasi mwenyewe, imeshapigwa chapa, imebaki sahihi. "Weka tu hapa chini, Gaudensi. Dakika moja."

"Hakuna kikao?"

"Kikao cha nini? Kitu cha dakika moja!"

Gaudensi aliisoma. Akaondoa miwani, akaipangusa, akaivaa. Dirishani, mafundi wawili walikuwa wakiteremsha bango. Uso wa Thabiti ulikuwa umekunjwa katikati, limebaki jicho moja na herufi chache. Alikumbuka macho yale ya kwenye simu, na alivyoyatazama, na alichoyajibu.

"Niachie niiweke sawa lugha," alisema.

Bi Beatrice alipotoka, Gaudensi aliichana ile karatasi, akachukua nyingine yenye nembo. Aliandika kwa mkono, kwa mwandiko wake ule wa kupendeza, akakagua muhuri kama una wino, akaugonga. Nakala alizipeleka yeye mwenyewe, kwa baiskeli: mbili posta, kwa Mheshimiwa na kwa wakubwa wa juu, na moja kwenye ubao wa matangazo. Kwa utendaji wa Namkuyu, barua ile ilivunja rekodi zote. Ilitoka ndani ya dakika ishirini. Ilisema hivi:

*Ninathibitisha kwamba aliyesimama na kupiga makofi ni Mheshimiwa Faraji Kambutu mwenyewe, si mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nyuma yake. Ninathibitisha pia kwamba bao lilikuwa zuri.*