Ombi la Kuondolewa Kizuizi Kabla ya Arobaini ya Nabra

Chama cha Wanakijiji wa Mashkarti,
Ghorofa ya pili, Abdin,
Kairo.
9 Novemba

Kwa Ndugu Mkuu wa Idara ya Barua Taka, Kampuni ya Barua Pepe,

Ndugu Mheshimiwa,

Kabla ya yote pokea pongezi zangu. Nina miaka sabini na tatu, na nimekataliwa na makarani wa kila aina, wenye mihuri na wasio na mihuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikataa kwa kasi ya mtambo wenu. Karani wa zamani alikunywa chai kwanza.

Mimi ni Fikri Dahab Samil, msahihishaji mstaafu wa gazeti na mhariri wa jarida la kijiji chetu. Kijiji chenyewe kilifunikwa na maji ya bwawa mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi na miwili, na watu wake leo wako Kairo, Aleksandria, Jeddah, Kuwait na kwingineko. Jarida linakwenda kwa watu 340 kwa barua pepe. Linatangaza ndoa, watoto na, zaidi ya yote, vifo. Kwetu, asiyefika msibani huulizwa sababu mpaka naye afe. Tunalituma kwa seva yetu wenyewe, iliyo katika stoo ya chama, kati ya viti vya matanga na masufuria makubwa. Niliisimika kwa mikono yangu baada ya kusoma miongozo kwa miezi minne. Bi Samiha, katibu wetu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini, alinitazama nikivuta waya akasema, "Haji Fikri, wenzako wana kikundi cha simu, wewe unajijengea posta?" Nilimjibu kwamba kikundi cha simu ni nyumba ya kupanga, na mimi nimechoka kupanga. Siku hiyo nikatangaza kwamba habari za msiba zitapita kwenye orodha ya barua tu, kwa sababu simu husahau na maandishi hayasahau.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlituandikia kwamba namba ya seva yetu ina sifa mbaya. Nilichunguza, na ni kweli: mpangaji aliyetutangulia katika namba hiyo alikuwa akiuza dawa ya upara kwa watu milioni mbili. Nimeishi nyumba nane tangu 1964, na hakuna mwenye nyumba aliyenishtaki kwa dhambi za mpangaji aliyehama. Nyinyi mmekuwa wa kwanza.

2. Mlitaka jina la seva litaje namba yake, na namba nayo ikiulizwa itaje jina lile lile, kama mashahidi wawili. Nililitimiza hilo kwa siku kumi na moja na miwani miwili. Kisha mkataka kila barua iwe na anwani halisi ya mtumaji chini yake. Nikaandika ile niliyonayo: Mashkarti, ukingo wa magharibi, nyumba ya tatu baada ya gurudumu la maji, mlango wenye sahani tatu za kaure zilizopachikwa ukutani. Pale pana kina cha mita sitini sasa. Hilo mtambo wenu ulilikubali bila swali.

3. Mkasema seva ngeni haipaswi kutuma barua nyingi mara moja. Siku ya kwanza ishirini, ya pili arobaini, na kadhalika, mpaka mtuzoee. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi siku ya tatu mlikuwa bado mnanusa viatu vya mgeni. Tulituma kwa kufuata herufi za majina. Matokeo yake, kwa majuma mawili, watu wa mwanzo wa orodha walijua kila aliyekufa, na watu wa mwisho wakaamini kwamba Mashkarti hakuna kifo tena. Baadhi yao waliandika kushukuru.

4. Mlilazimisha kitufe cha kujiondoa kwa bonyezo moja. Bwana Sabri Kashif wa Kuwait, katika kukuza maandishi kwa sababu ya macho, alikibonyeza. Mwezi uliofuata mjomba wake alifariki, naye akaambiwa na kinyozi. Akanipigia simu akifoka:

"Fikri! Mmenifuta kijijini?"

"Umejifuta mwenyewe, Sabri."

"Mimi? Mimi niliyezaliwa pale?"

"Kwa kidole gumba."

Akauliza kama yupo mtu mwingine aliyeona. Serikali nzima na bwawa lake haikuweza kumtoa mtu Mashkarti kabisa. Ilimchukulia ardhi, ikamwachia jina. Nyinyi mmegundua kitufe.

5. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Siku thelathini na moja zilizopita, alfajiri, dada yangu Nabra alifariki. Alikuwa mkunga, nusu ya orodha yetu ilipita mikononi mwake kabla ya kupita mikononi mwangu. Saa mbili asubuhi nilituma tangazo. Watu 286 walijibu, kila mmoja maneno yale yale: umri wake uliobaki uongezwe kwenye wako. Na kila mmoja alijibu kwa wote. Kwetu pole isiyosikiwa na watu haihesabiki kuwa pole; ni umbea. Bi Samiha alikuwa ameshatuonya mkutanoni tuifunge njia ya kujibu wote, na Ustadhi Khalil, mzee kuliko sote, akasimama na fimbo yake: "Kwa hiyo Fikri akifiwa nimpe pole chooni, mlango umefungwa?" Hoja ikaanguka.

Majibu 286 kwa watu 340 ni barua 97,240. Bi Samiha alipiga hesabu hiyo kichwani, pale pale matangani, bila kuacha kumimina chai. Mtambo wenu uliona barua elfu tisini na saba zenye maneno yale yale kutoka stoo moja ya Abdin, ukahitimisha kwamba ni shambulio. Ilipofika magharibi mlikuwa mmetufungia. Watu 212 kati yetu wana masanduku kwenu, na tangu jioni ile hakuna hata mstari wetu mmoja uliowafikia. Naomba mnielekeze idadi ya majonzi inayoruhusiwa kwa saa, ili aliyebaki ahuzunike kesho yake.

6. Miongoni mwa hao 212 yumo Daud Hasan wa Aleksandria. Daud si ndugu yangu wa damu; mama yangu alimnyonyesha, kwa hiyo ni zaidi. Tulipohamishwa tulilala juu ya gunia moja la mtama kwenye meli, na Nabra, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alitufunga sote wawili kwa mkanda mmoja kiunoni tusianguke majini. Siku tatu za matanga Daud hakuonekana. Kiti chake niliwakataza watu kukikalia. Siku ya saba nilimpigia simu.

"Daud, mbona hukuja kumzika dada yako?"

"Iulize mashine yako," akasema, akakata. Tangu hapo hapokei.

Neno "yako" nimelichukulia kuwa ni ulimi kuteleza. Ni dhahiri alimaanisha yenu. Ni dhahiri mlilitupa tangazo langu kwenye taka, chini ya matangazo ya viatu, na yeye, asiyejua mambo hayo, akadhani mimi ndiye niliyemwacha nje. Hayupo mtu mwingine aliye hai anayekumbuka sauti ya Nabra akituhesabu gizani: mmoja, wawili, mmoja, wawili, usiku kucha.

Arobaini ya Nabra ni siku tisa zijazo. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: mtuondolee kizuizi kabla ya siku hiyo, mtuandikie waraka wa kukiri kwamba sisi si takataka, kwa herufi kubwa, tuubandike ukutani, na kwa kuwa kwetu aliyeficha habari ya kifo huja mwenyewe, mumtume mwakilishi akae nasi matangani tangu alasiri mpaka isha, anywe kahawa chungu, kisha apande treni hadi Aleksandria akamweleze Daud kwa kinywa chake. Kama mwakilishi wenu ni mtambo, tutautafutia kiti.

Nisalimie wote walio katika idara yako, wanaofunga na wanaofungua, kama hao wa pili wapo. Bi Samiha anakusalimu na anauliza kama mna nafasi ya mtu anayejua hesabu. Ustadhi Khalil hakusalimu.

Ni mimi, nisubiriye jibu katika sanduku lolote mtakaloliweka,

Fikri Dahab Samil,
Mhariri na Msimamizi wa Orodha

Baada ya sahihi: Bi Samiha ameisoma barua hii akasema mashtaka hayana ushahidi, nipeleke na kumbukumbu za seva. Nimeingia kwenye ukurasa wa msimamizi, ambao sikuwa nimeufungua tangu Ramadhani. Kuna droo humo inaitwa "Zinazosubiri idhini." Inaelekea juma la kwanza, kwa kuogopa wauza dawa ya upara, niliiamuru seva imshikilie kila anayeandika kwa mara ya kwanza mpaka mimi nimsome. Nilikuta barua arobaini na moja za watu wakimya. Ya kumi na saba ni ya Daud, ya siku ile ile ya msiba, saa tano na dakika ishirini asubuhi:

"Fikri, nimepata habari. Nimeweka tiketi, nafika stesheni ya Kairo saa tisa na nusu. Mtu aje anipokee, macho yangu hayasomi vibao tena. Nitakaa benchi la mwisho, sitasogea."

Kwa hiyo mlimfikishia.

Mkono wangu, kwa mazoea ya kazi, ulibonyeza "Idhinisha" kabla sijafikiri. Barua imekwenda kwa wote. Wale 128 wasio na masanduku kwenu wameshaipata, na wa kwanza, Sabri wa Kuwait, tayari ameuliza mbele ya kijiji kizima: "Haji Fikri, nani alikwenda stesheni?" Majibu yanaendelea kuingia, na kila moja linatumwa pia kwa Daud, nanyi, kwa bahati, mnalizuia.

Naomba kizuizi kibaki. Treni ya Aleksandria ni saa mbili kesho asubuhi. Msikiondoe kabla sijafika mlangoni kwake.